Nani Alimtia Mzee Chongo?

Watu wa mbali wakisikia Kericho wanafikiria chai na mvua ya kila alasiri, na ukiwaambia kwamba nyumba yetu nusura isambaratike kwa sababu ya vumbi, wanakuuliza ulihamia Lodwar lini. Mvua tunayo, tena karibu milimita 2,000 kwa mwaka, na ya mawe juu yake. Lakini Januari ikishaingia mawingu hutukimbia, murramu hukauka, na kila lori la kubeba majani mabichi likipita kuelekea kiwandani huacha wingu jekundu linaloning'inia hewani mpaka lori jingine lije kulichochea. Michai iliyo kando ya barabara hupoteza rangi yake. Nyumba yetu hapa Litein iko kando ya barabara ya namna hiyo, na ni katika nyumba hiyo Baba Watoto alipoamua kuwa na chumba cha giza cha kusafishia picha.

Chanzo kilikuwa mkebe wa biskuti. Marehemu baba mkwe alikuwa mpiga picha wa kuzunguka. Miaka ya 1970 alitembea na Yashica kifuani kutoka soko hadi soko, Kapkatet, Sotik hadi Bomet, akipiga picha za harusi, za watoto waliobatizwa na za wazee waliotaka kuonekana na redio zao mpya. Alipofariki aliacha ng'ombe, michai, na mkebe huo uliojaa negativu za mraba, kila moja upana wa sentimita sita. Mlikuwa na moja ambayo aliyepigwa ni yeye mwenyewe: amesimama, kofia kichwani, koti refu, fimbo mkononi. Mama mkwe hana picha nyingine ya mumewe ila ile ya kitambulisho, na kila mtu anajua sura anayokuwa nayo mtu kwenye kitambulisho.

Mwingine angeipeleka negativu hiyo mjini ikapigwa skana, mambo yakaisha. Baba Watoto alisema picha ya mzee itasafishwa jinsi mzee alivyosafisha za wenzake: kwa dawa, beseni na taa nyekundu. Akaenda Kericho mjini akanunua enlaja, ile mashine ya kukuzia picha, kwa mwenye studio aliyefunga kazi baada ya kila mteja wake kupata simu yenye kamera. Nadhani muuzaji alifurahi zaidi kuiona ikitoka kuliko mnunuzi alivyofurahi kuibeba. Chumba kilichochaguliwa ni stoo iliyo kati ya jikoni na banda la kuku. Mifuko ya mbolea ya chai iliyokuwa humo, ile ya 26:5:5, ikahamishiwa chini ya kitanda chetu. Sikuulizwa.

Picha ya kwanza ilisafishwa usiku, na mama mkwe akaitwa kushuhudia. Kogo, kama wajukuu wanavyomwita na kama sote tunavyomwita siku hizi, aliketi kwenye kigoda katika ule mwanga mwekundu, shuka mabegani, macho kwenye beseni. Karatasi nyeupe ikazama kwenye dawa. Ikatokea kofia, kisha mabega, kisha masharubu. Kogo akaanza kuzungumza na mumewe kwa Kipsigis, kwa sauti ya chini, mambo ambayo mkaza mwana hapaswi kuyasikia, nami nikatoka.

Asubuhi, picha ilipokauka, aliichukua akaenda nayo uani kwenye mwanga. Aliitazama, akaisogeza mbali, akaitazama tena.

"Mwanangu," alisema, "umemtia baba yako chongo."

Ilikuwa kweli. Katikati ya jicho la kushoto palikuwa na doa jeupe, dogo, lenye umbo la koma. Madoa mengine yalikuwa kwenye koti na kwenye anga nyuma yake, lakini nani ana habari na koti? Jicho ndilo lililozua kesi.

Baba Watoto alijieleza. Enlaja hupitisha mwanga kwenye negativu na kuumwaga juu ya karatasi, na pale mwanga unapofika ndipo karatasi inapogeuka nyeusi. Punje ya vumbi ikikaa juu ya negativu huuzuia mwanga, na kivuli chake hubaki cheupe kwenye picha. Tena picha ikikuzwa, vumbi nalo hukuzwa: kutoka negativu ya sentimita sita hadi karatasi ya inchi nane kwa kumi, unyuzi ambao jicho halikuuona hunenepa zaidi ya mara tatu na kuwa kovu. Palikuwa pia na doa jeusi kwenye ukingo wa kofia. Hilo alisema halimhusu. Doa jeusi ni la vumbi lililokuwa ndani ya kamera siku picha ilipopigwa: lilikaa juu ya filamu, mahali pale hapakupata mwanga, pakabaki wazi kwenye negativu, na palipo wazi kwenye negativu huwa weusi kwenye picha.

"Kwa hiyo jeupe ni langu," akamalizia, "na jeusi ni la marehemu."

Kogo alisema mumewe alikuwa akiifuta kamera ile kila jioni kabla ya kugusa chakula, na kwamba mtu aliyeshindwa na vumbi la nyumbani kwake asimsingizie maiti.

Mshtakiwa wa kwanza alikuwa barabara, maana haina wa kuitetea. Baba Watoto akaamua kukiziba chumba. Alinunua karatasi nyeusi ya nailoni, ile mafundi wanayotandaza chini ya zege, akaipigilia ukutani na chini ya mabati, kwa kuwa stoo haikuwa na dari. Nyufa za dirisha akazijaza magazeti na uji wa unga. Chini ya mlango akasokota blanketi. Nilipokwenda kutandika kitanda ndipo nilipojua ni blanketi lipi. Mwishowe, kwa kuwa dawa za picha zina harufu ya kumtoa mtu machozi, akafunga feni ukutani ya kuitoa hewa mbaya nje. Chumba kikawa giza totoro, hakuna hata tundu la sindano.

Madoa yakaongezeka. Yaliongezeka hadi masharubu ya mzee yakaota mvi ambazo hakufa nazo.

Mshtakiwa wa pili akawa Kogo mwenyewe. Yeye ndiye anayetutengenezea mursik, maziwa ya mgando ya kibuyu, na mursik haitengenezwi hivi hivi. Kibuyu husuguliwa ndani kwa sosiot, ufito wa mtende uliopondwa ncha ukawa brashi. Kisha kijiti cha senetwet huchomwa hadi kiwe kaa, na kaa hilo husagwa humo humo ndani ya kibuyu kwa ncha ya sosiot, taratibu, mpaka kuta zote ziwe nyeusi na zing'ae. Ndipo yamiminwe maziwa yaliyochemshwa yakapoa. Kogo hufanya kazi hiyo kwenye benchi chini ya dirisha la jikoni, na anapokigonga kibuyu kwa kiganja kumwaga unga uliozidi, unga huo huruka, hukaa hewani, hufikiri, halafu huenda unakotaka. Baba Watoto alimtazama siku moja, akapima kwa macho umbali kutoka benchi hadi stoo, akamwomba kwa heshima zote kama angeweza kuhamia nyuma ya zizi.

Kogo alihamia mbali zaidi ya zizi. Alivifunga vibuyu vyake kwenye leso akapanda matatu kwenda kwa binti yake Longisa. Kuanzia jioni hiyo ugali wetu ulishushwa kwa maziwa ya pakiti. Hakuna aliyesema neno, lakini watoto wa Kipsigis wanajua kulaumu kwa namna wanavyoweka kikombe mezani.

Makaa yakawa hayapo, na madoa yakawa yapo. Hapo ndipo nilipoingilia kati. Katika mkebe wa marehemu mlikuwa na kioo kidogo cha kukuzia. Niliibandika negativu kwenye dirisha mchana Baba Watoto akiwa shambani, nikainama. Punje nyekundu za murramu zilikuwepo, lakini chache. Weusi wa makaa sikuuona kabisa. Nilichokiona kwa wingi ni nyuzi: fupi, zilizojikunja, na mmoja uliolala karibu na jicho ulikuwa wa samawati. Baba Watoto ana sweta ya samawati. Tunakaa karibu mita 2,000 juu ya usawa wa bahari, na hakuna mtu anayeingia stoo ya mabati saa tatu za usiku bila sweta. Sikusema kitu. Ushahidi wa nyumbani huwekwa akiba.

Jumapili akaja ndugu yangu mdogo, ambaye hufanya kazi kwenye kiwanda cha chai, idara ya kuchambua. Alionyeshwa chumba, akaonyeshwa nailoni, akaonyeshwa feni. Hakusifu. Alikwenda jikoni akachukua kijinga, akakipuliza moto ukazima kikabaki kinafuka, akakishika chini ya mlango uliofungwa wakati feni inavuma ndani. Moshi haukupanda juu. Ulilala, ukanyooka, ukaingia chini ya mlango wote, ukipita katikati ya blanketi langu.

"Shemeji," aliuliza, "hewa unayoitoa kule, inarudi kupitia wapi?"

Baba Watoto alikuwa amejenga kitu cha kunyonya vumbi. Feni ikitoa hewa kwenye chumba kilichozibwa, chumba huvuta nyingine kwa nguvu kupitia kila ufa uliosahauliwa: masizi ya jikoni, udongo uliokaa juu ya ukuta chini ya mabati, manyoya ya blanketi. Ndugu yangu alisema kiwandani majani mabichi yakishafika humwagwa kwenye vitanda virefu vya wavu ili yanyauke, na feni kubwa husukuma hewa kutoka chini ipenye katikati yake, saa nyingi mfululizo. "Sisi tunasukuma, hatuvuti," alisema. Binti yetu kifungua mimba, aliyekuwa nyumbani kwa likizo ya chuo, akasoma kwenye simu kwamba hata Wamarekani walifika hapo: Willis Whitfield, mwanafizikia wa maabara za Sandia huko New Mexico, alikomesha vumbi kwenye vyumba vya kuundia vifaa vidogo mwanzoni mwa miaka ya 1960 kwa kuingiza hewa iliyochujwa, mkondo mmoja usiokatika, ubebe vumbi na kutoka nalo. Baba Watoto aliposikia New Mexico akakubali. Kiwanda cha chai peke yake kisingemtosha.

Feni ikageuzwa. Sasa ilivuta hewa kutoka nje, ikaipitisha kwenye chujio la hewa la lori alilopewa na fundi wa gereji, lililofungwa ndani ya sanduku la mbao, na kuisukuma ndani. Hewa ya chumba ikawa ndiyo inayotafuta nyufa za kutokea. Kijinga kikarudishwa mlangoni na moshi ukasukumwa kuelekea jikoni. Tukapiga makofi. Blanketi likarudi kitandani.

Furaha hiyo haikudumu. Chujio likaanza kupiga mluzi, na lilipofunguliwa lilikuwa limejaa udongo mwekundu kana kwamba lilikuwa bado kwenye lori. Feni ilikuwa kwenye ukuta wa upande wa banda, na chini yake kabisa ndipo kuku wanapooga. Kila adhuhuri ya kiangazi hulala ubavu kwenye kishimo chao, wakachimba kwa miguu, wakajirushia udongo mkavu katikati ya manyoya ili kuwatoa chawa, halafu wakasimama wote na kujikung'uta kwa pamoja. Feni ilikuwa ikiwasubiri. Baba Watoto alitamka kwamba kuku lazima waondoke. Nikamkumbusha kwamba kuku ni wangu na kwamba karatasi za picha zilinunuliwa kwa mayai. Feni ikahamishiwa ukuta wa pili, unaotazama migomba na nyasi.

Madoa yalipungua sana, lakini hayakwisha. Koma ya jichoni iliondoka. Ikaja nukta puani.

Ndugu yangu alipokuja tena aliomba kuona kazi yenyewe inavyofanywa, na Baba Watoto akamwonyesha. Alitoa negativu kwenye bahasha, akachukua kitambaa cha flana, akaisugua pande zote mbili kwa bidii ya mtu anayemtafutia mzazi wake heshima, akaipandisha kwenye taa, akaona kijiuzi, akasugua tena. Ndugu yangu akacheka mpaka akashika ukuta.

Tulirudi jikoni. Alimwaga majani ya chai kidogo kwenye gazeti, akayatandaza kwa kidole. Akachukua kalamu ya biro, akaisugua kwenye mkono wa sweta ya shemeji yake, akaishusha polepole juu ya majani. Kabla haijayafikia, vijiuzi vyekundu vya bua vilisimama wima kwenye gazeti, vikaruka, vikang'ang'ania plastiki. Chai yenyewe, iliyo nzito, ilibaki chini. Ndiyo kazi yake ya kila siku: chai iliyokaushwa hupita chini ya rola za plastiki zinazosuguliwa na felti, rola zinapata umeme tuli, na umeme huo huokota nyuzi ili chai ibaki safi. Kisha akaiomba negativu, si ile ya mzee, nyingine ya mtu asiyejulikana. Akaisugua kwa flana, akaishusha. Nyuzi zikairukia vilevile.

"Kiwandani tunalipwa kufanya hivi," alisema. "Wewe unafanya bure."

Hapo ndipo nilipotoa ushahidi wangu wa akiba, kioo cha kukuzia pamoja na unyuzi wa samawati. Baba Watoto aliitazama negativu, akautazama mkono wa sweta yake, akaenda nje kuangalia ng'ombe ambao hawakuwa na shida yoyote.

Umeme tuli huondoka wenyewe hewa ikiwa na unyevu, na ndiyo sababu marehemu, aliyesafisha picha zake mwaka mzima kwenye nyumba ya udongo yenye sakafu inayopozwa kwa maji, pengine hakuhangaika nao. Kiangazi chetu cha Januari na Februari kimekauka. Na ile nailoni ya ukutani ilikuwa na tabia hiyo hiyo: kila alipoigusa kwa bega ilipata chaji, ikakusanya vumbi, na kulimwaga alipoigusa tena. Binti yetu akasoma kwamba wapiga picha wa Marekani walikuwa wakiuziwa brashi zilizotiwa poloniamu-210, madini yenye mionzi inayoifanya hewa iliyo karibu iweze kubeba chaji na kuiondoa kwenye filamu. Nguvu yake hupungua nusu kila siku 138, kwa hiyo brashi hununuliwa upya. Baba Watoto akauliza bei. Nikamwambia mionzi haitaingia nyumba ambayo tayari ina mbolea chini ya kitanda.

Siku ya kumbukumbu ya mzee ilikuwa imekaribia, na Kogo akarudi kutoka Longisa. Alisimuliwa yote, feni, kuku, rola na poloniamu. Alisikiliza hadi mwisho, mikono magotini. Kisha akamgeukia mwanawe.

"Uwanja tunaufagia vipi?"

Hakuna aliyejibu, maana kila mtoto wa Afrika Mashariki anajua jibu. Unachukua maji kwenye kopo, unanyunyiza kwa vidole, unasubiri kidogo, ndipo unafagia. Anayefagia pakavu anahamisha tu vumbi kutoka chini kwenda kwenye nguo za jirani. Baba Watoto alikuwa amefagia stoo kwa ufagio mkavu kila jioni dakika chache kabla ya kuanza kazi, ili pawe pasafi.

Binti yetu alitafuta hesabu, nayo ikaenda upande wa nyanya yake. Punje nene ya mchanga, sehemu ya kumi ya milimita, huanguka kutoka dari hadi sakafu kwa sekunde chache. Ya maikroni 10, yaani sehemu ya mia ya milimita, huchukua dakika kama kumi. Ya maikroni moja huelea zaidi ya nusu siku, na mtu akipita tu inapanda tena. Vumbi halifukuzwi, hutulizwa. Ukilipiga kwa ufagio huruka, ukilivuta kwa feni huja, ukilisugua kwa kitambaa hung'ang'ania. Kila silaha ya Baba Watoto ilikuwa imeliongezea nguvu, na nikitazama nyuma naona kwamba hata Kogo hakwenda Longisa kwa sababu ya makaa. Alikwenda kwa sababu alisukumwa.

Kazi ikaanza upya chini ya uongozi wake. Nailoni ikang'olewa. Ikapigwa dari ya plaiwudi iliyopakwa rangi ya mafuta, ili masizi ya mabatini yakae huko huko. Sakafu ilikuwa ya simiti tupu, na kwa kuipangusa kwa kiganja tukagundua kwamba kila hatua ilikuwa ikisaga unga wa kijivu. Ikapigwa rangi nyekundu na polishi mpaka ikawa ya kuakisi taa. Feni ikabaki ikisukuma polepole. Usiku wa kuamkia kazi, kila kitu hufutwa kwa kitambaa kibichi, kuanzia juu kushuka chini, na mlango hufungwa mpaka kesho yake. Siku yenyewe birika huchemshwa humo dakika chache, mvuke ujae na kutua na vumbi lake, halafu birika hutolewa. Sweta huachwa mlangoni. Anayeingia huvaa shati la pamba lenye mikono iliyoloweshwa kidogo, hutembea polepole, na hafungui wala kufunga mlango mara mbili.

Negativu haisuguliwi tena. Huinamishwa ndani ya mwanga wa enlaja wenyewe, kwa upande, ambapo kila punje hujitokeza iking'aa, kisha hupulizwa kwa kile kimpira cha kunyonyea kamasi za mtoto mchanga. Kimpira hicho tulikuwa nacho tangu kitinda mimba wetu, na hakuna kifaa kilichogharimu kidogo kuliko hicho katika vita vyote hivi.

Picha ilitoka siku mbili kabla ya kumbukumbu. Macho mawili, mazima, yakitazama kidogo pembeni. Masharubu meusi. Kwenye anga tu ndipo palipobaki doa jeupe dogo, na hilo Baba Watoto alilifunika kwa ncha ya brashi nyembamba na rangi ya maji, tone juu ya tone, huku akitukumbusha kwamba hata kwenye studio kubwa za pwani, ya Ranchhod Oza iliyofunguliwa Zanzibar mwaka 1930, ya Parekh kule Mombasa, brashi ya namna hiyo ilikuwa sehemu ya kazi. Aliwataja wenye studio hizo kana kwamba walikuwa wenzake wa chama kimoja.

Kisha akachukua wembe. Doa jeusi halifunikwi kwa rangi, hukwanguliwa, naye alitaka kuliondoa lile la ukingo wa kofia ili marehemu atoke bila lawama yoyote. Kogo akamshika mkono.

"Hilo ni tundu," alisema. "Cheche ya kiko iliruka ikatoboa kofia, na nilimwambia asiivae siku ya kupigwa picha. Akaivaa."

Kwa hiyo kamera ya mzee ilikuwa safi. Baba Watoto aliweka wembe chini, na Kogo akaibeba picha mwenyewe hadi sebuleni.

Ingekuwa amani kama chumba hakingekuwa kimetengenezwa vizuri hivyo. Sasa tuna chumba kimoja kisicho na vumbi, kisicho na nzi, chenye hewa baridi iliyochujwa na sakafu inayong'aa, na kila mtu amekiona. Binti yetu anataka kusomea humo. Mimi nina nguo za Jumapili ambazo zimechoka kukaa karibu na moshi wa jikoni. Ndugu yangu ameuliza kama anaweza kuhifadhi redio yake. Kogo hakuuliza: alibeba vibuyu vilivyokwisha kujazwa maziwa na kuzibwa, akavipanga chini ya meza ya enlaja, akasema mursik inapenda giza na utulivu kuliko picha inavyopenda. Ilibidi tukae kikao. Ratiba imebandikwa mlangoni, na kwa mujibu wake Baba Watoto ana usiku wa Jumamosi, mradi aombe kufikia Alhamisi na asitikise vibuyu.